Supavaiza aliye upande wako anaongeza ari ya kazi, au yote ni mshahara tu?

#1 FundiWaLaini
Wakuu, habari za jioni.

Kiwanda cha nguo, laini 6, kila laini washonaji 30 na kitu. Mwezi ujao washonaji 6 wanapandishwa kuwa masupavaiza. Kwenye cherehani hawana mpinzani, ila kusimamia watu hawajawahi. Zimetengwa siku 3 za kuwaandaa.

Hoja yangu ni hii: mshonaji anayejua kwamba supavaiza yuko upande wake hufanya kazi kwa moyo kuliko yule aliyeongezewa elfu ishirini akaachiwa supavaiza wa kufoka. Na "kuwa upande wake" si kucheka naye wala kumnunulia chai. Ni cherehani ikigoma fundi mashine anaitwa papo hapo. Ni kosa likitokea linaulizwa kabla ya kuhukumiwa. Ni ruhusa ikiombwa jibu linatoka siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni hapana.

Anayebisha abishe kwa hoja. Na wenye ujuzi mniambie: hizo siku 3 zianzie wapi?

#2 Bi Hesabu
Mkuu, nabisha. Ari hailipi kodi ya nyumba.

Kabla ya moyo, fungueni karatasi ya malipo. Kwa Tanzania ovataimu ni mara moja na nusu ya mshahara wa saa, na haitakiwi kupita saa 50 ndani ya wiki 4. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Sikukuu na siku ya mapumziko ni mara mbili. Mshonaji asipoona hizo namba kwenye malipo yake, hata umpe supavaiza malaika, Jumatatu ataamka mzito.

Na ukichunguza utakuta nyingi ya hizo pesa hupotelea kwenye kalamu ya supavaiza. Daftari la ovataimu halikusainiwa Ijumaa, mhasibu amefunga hesabu Jumamosi, pesa imesogezwa mwezi ujao. Huyo si supavaiza mbaya wa tabia, hata anaweza kuwa mpole kupindukia. Ila amekula jasho la mtu kwa kusahau.

#3 Kitabu Wazi
Bi Hesabu umegusa penyewe, ila nataka nipinge pande zote mbili.

Frederick Herzberg na wenzake walichapisha mwaka 1959 utafiti wa wahandisi na wahasibu 200 hivi wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Waliwauliza: lini ulijisikia vizuri sana kazini, na lini ulijisikia vibaya sana? Majibu hayakuwa sura mbili za jambo moja. Kwa vizuri walitaja kufanikisha kazi, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana. Kwa vibaya walitaja sera za kampuni, namna wanavyosimamiwa, mahusiano na bosi, mshahara, mazingira.

Maana yake, kwa Herzberg, bosi mzuri na mshahara mzuri wote wako kapu moja: vinaondoa kero. Ukimtoa mtu mwiba mguuni umemwezesha kutembea. Safari yenyewe inatoka kwingine, yaani kwenye kazi. Kwa hiyo Fundi, masupavaiza wako wakijifunza upole tu, mtapata washonaji wasiolalamika, si washonaji wenye ari.

#4 Nesi wa Zamu
Nimesoma #3. Kwa wodini mgawanyo huo unanipa shida, kwa sababu inchaji wa wodi ndiye anayeamua kazi yenyewe itafanyika vipi.

Chukulia ratiba ya zamu. Ikibandikwa wiki 2 kabla, watu wanapanga watoto, usafiri, masomo. Ikibandikwa Jumapili jioni kwa zamu ya Jumatatu asubuhi, umeshaanza wiki na watu wenye hasira. Daftari la maombi liwe wazi hadi tarehe inayojulikana, tuseme tarehe 15, baada ya hapo mtu abadilishane na mwenzake na inchaji asaini. Aliyetoka zamu ya usiku asubuhi asipangiwe zamu ya mchana huo huo. Wikiendi na usiku vihesabiwe kwa kila jina, na hesabu ibandikwe ukutani pembeni ya ratiba. Hesabu ikionekana, mnong'ono wa "fulani ni mtu wa inchaji" unakosa chakula.

Hayo ni mahusiano au mazingira? Mimi naona ni kitu kimoja.

#5 AfisaMasijala
Kitabu Wazi, wewe bila Pittsburgh uzi hauanzi 😄

Ila utafiti huo una tatizo linalojulikana siku nyingi. Muulize mtu habari ya mafanikio atasema "nilifanya". Muulize habari ya kukwama atasema "bosi". Ni maumbile ya binadamu kujipa sifa na kugawa lawama. Kwa hiyo bosi kuangukia kapu la kero kunaweza kuwa ni zao la swali lenyewe, si ukweli wa kazi.

#6 Kitabu Wazi
Masijala, hapo sina ubishi, pingamizi hilo ni zito.

Basi tuchukue njia nyingine. Edward Deci na Richard Ryan wanasema mtu hujituma kwa hiari akipata vitu vitatu: kuwa na sauti juu ya anachofanya, kuona anaweza, na kuwa na watu wanaomjali. Kwa maelezo haya bosi anaingia kote. Anaweza kukuachia uamuzi au kukunyang'anya. Anaweza kukupa kazi inayokukuza au ile inayokudharau. Deci mwaka 1971 alijaribu kwa wanafunzi na mafumbo ya kuunganisha vipande. Waliolipwa kwa kila fumbo, malipo yalipokoma, wakati wao wa mapumziko walicheza nayo kidogo kuliko wasiolipwa kabisa.

#7 Bi Hesabu
Wanafunzi wa chuo na mafumbo! Mwalimu wangu, hao kesho yake walikuwa na chakula chuoni. Mshonaji wa Mabibo hachezi na kola ya shati wakati wa mapumziko eti kwa sababu inampendeza. Usichukue matokeo ya mchezo ukayavalisha kazi ya mshahara.

#8 Kijana wa Stoo
Lakini si kuna ule utafiti wa Hawthorne wa kiwanda cha simu Marekani? Wafanyakazi walitiliwa maanani tu, wakatazamwa na kuulizwa maoni yao, uzalishaji ukapanda. Taa ziliongezwa ukapanda, taa zikapunguzwa ukapanda. Hiyo inamaliza ubishi.

#9 AfisaMasijala
Haimalizi, mdogo wangu. Ilikuwa karakana ya Western Electric, Cicero jirani na Chicago, kati ya 1924 na 1932. Chumba maarufu kilikuwa cha wasichana waliounganisha vifaa vya simu, kilianza 1927. Mambo mawili huwa yanasahaulika yakisimuliwa. La kwanza, mwanzoni mwa 1928 wawili kati yao waliondolewa kwa kuongea sana na kutoshirikiana, wakaletwa wengine wenye kasi. La pili, malipo yao yalibadilishwa, wakawa wanalipwa kwa uzalishaji wa kikundi chao kidogo badala ya kuchanganywa na idara nzima. Sasa kilichopandisha kazi ni usimamizi wa upole, ni watu wapya, ni malipo, au ni mapumziko waliyoongezewa? Watu wanabishana hadi leo.

#10 Bi Hesabu
Asante Masijala. Malipo yalibadilishwa. Naomba hilo lisomwe mara mbili.

#11 Mkenya wa Athi
Habari zenu wana jukwaa. Mimi niko upande wa Fundi, na nitawapa mfano mmoja wa kiwandani ambao unaonyesha ari inavyokufa au kupona ndani ya dakika 12. Sindano kuvunjika.

Viwanda vinavyouza nje, pamoja na vya EPZ hapa Athi River, vina sheria kali: kipande cha sindano kikibaki kwenye nguo kinaweza kumchoma mtoto, na mnunuzi anarudisha mzigo wote. Kwa hiyo ikivunjika, mshonaji anasimamisha mashine. Haondoki, hapigi upepo, hafagii. Vipande vyote vinatafutwa kwa sumaku, juu ya meza, kwenye meno ya mashine, chini sakafuni. Vinaunganishwa mezani kuona kama sindano imekamilika, kisha vinabandikwa kwa selotepu kwenye daftari pamoja na tarehe, namba ya mashine na jina. Ndipo sindano mpya inatolewa. Kipande kisipoonekana, bandali nzima (fungu zima la nguo) inapelekwa kwenye kigunduzi cha chuma.

Sasa piga hesabu. Mshonaji ana lengo la vipande 90 kwa saa. Ni kipande kimoja na nusu kwa dakika. Dakika 12 ni vipande 18 vimepotea. Ubao wa saa kwa saa utaonyesha 72.

Supavaiza wa aina ya kwanza anapita, anaona 72, anauliza kwa sauti mbele ya laini: "Umelala?" Supavaiza wa aina ya pili alikuwa pale sindano ilipovunjika, ameinama kutafuta naye, na kwenye ubao pembeni ya 72 ameandika "sindano, dk 12". Jioni hizo dakika zinatolewa kwenye hesabu ya ufanisi wa mshonaji na kuingizwa kwenye hasara ya mashine.

Wa kwanza atapata nini? Safari ijayo mshonaji atavunja sindano na kunyamaza. Atakuwa na yake ya akiba mfukoni, ataibadilisha chini ya meza ndani ya nusu dakika, na kipande kitakwenda na shati. Hapo hamzungumzii ari tena, mnazungumzia mzigo kurudishwa.

#12 Nesi wa Zamu
Mkenya, hiyo ndiyo wodi kabisa, badilisha sindano uweke dawa.

Vichupa vya maji ya kuchanganyia sindano na vya potasiamu kloraidi iliyokolea hufanana sana, na potasiamu hiyo ikiingia mshipani bila kuchanganywa inasimamisha moyo. Nesi akishika kichupa siyo, akagundua kabla ya kuchoma, kuna wodi ataandika ripoti na kuna wodi atakirudisha rafuni kimya kimya. Tofauti yao ni swali la kwanza la inchaji. "Nani alikuwa zamu?" linafunga midomo. "Vilikuwa vimekaa wapi?" linafungua, na baada ya saa moja potasiamu imetolewa kwenye rafu ya wodi na kufungiwa kabati lake lenye lebo. Ukimfokea nesi, rafu inabaki vilevile.

Amy Edmondson alichapisha mwaka 1996 utafiti wa makosa ya dawa hospitalini Marekani. Wodi zenye viongozi wazuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Maelezo yake: hazikukosea zaidi, ziliripoti zaidi. Kwa hiyo anayepima usimamizi kwa kuhesabu ripoti za makosa ajihadhari, anaweza kumwadhibu inchaji bora.

#13 Kijana wa Stoo
Nimekubali kuhusu Hawthorne, shukrani Masijala. Ila #11 na #12 mbona zinaongelea woga, siyo ari? Mtu kutokuogopa si sawa na mtu kupenda kazi.

#14 Kitabu Wazi
Kijana kauliza swali ambalo sisi wakubwa tumeliruka. Hiyo ndiyo hoja ya Herzberg imerudi kupitia mlango wa nyuma. Woga ukiondoka unapata ukweli. Ari inaweza kufuata au isifuate.

#15 Mwl. Chaki
Inafuata pale mtu anapoona anakua. Nitoe mfano wa shule.

Mkuu wa shule kugonga muhuri maandalio ya masomo 40 Jumatatu asubuhi humsaidii mwalimu, unamkagua tu. Msaada ni kukaa darasani kipindi kizima cha dakika 40, nyuma, na karatasi yenye mchoro wa madawati. Kila mwalimu akiuliza swali unaweka alama kwenye dawati la aliyeulizwa. Hutoi maoni mbele ya wanafunzi, hata usoni. Siku hiyo hiyo, kabla hajaondoka, unampa karatasi aiangalie mwenyewe kwanza. Akiona maswali 17 yameulizwa na 14 yameishia safu mbili za mbele, huna haja ya kusema neno. Unamuuliza tu: kesho utafanyaje? Halafu unarudi baada ya wiki 2 na mchoro uleule.

Inapoharibika: mkuu anakaa dakika 10 anatoka, au anakuja na mambo 9 ya kurekebisha kwa mpigo, au karatasi inaishia kwenye faili la mwalimu kama ushahidi. Ikishaingia kwenye faili, safari ijayo mwalimu atakuandalia somo la maonyesho.

#16 AfisaMasijala
Mwalimu, hilo la faili ndilo lililoiumiza OPRAS, ule mfumo wa Tanzania wa kupima utendaji kazi. Ilianza 2004 kwenye utumishi wa umma, na kwenye karatasi ilikuwa nzuri: Julai mtumishi na msimamizi wanakaa na kukubaliana malengo, Desemba wanapitia, Juni wanatathmini. Kikao ndicho kilikuwa moyo wake. Kikao kikiachwa, fomu yote inajazwa siku moja mwezi Juni, na malengo yanaandikwa yafanane na yaliyokwisha kutokea.

Sasa tuna PEPMIS, mfumo wa kompyuta uliochukua nafasi yake. Mtumishi anaingiza majukumu yake kwenye mfumo, msimamizi anaidhinisha na kutathmini. Faida ni kwamba ucheleweshaji unaonekana. Shida ni kwamba kubofya kunaweza kuchukua nafasi ya kuongea. Msimamizi ana watu 14, anafungua Ijumaa saa 10 jioni, anaidhinisha zote kwa dakika 5. Mtu aliyefanya kazi ya kutoa jasho na aliyejaza tu wanapata rangi moja. Hakuna kinachovunja moyo kama hicho, na hakuna aliyetukanwa.

Njia rahisi kwa msimamizi: watu wawili kwa siku, dakika 15 kila mmoja, mfumo ukiwa wazi mbele yenu wote wawili. Wiki moja na nusu umewamaliza 14.

#17 KifunguKwaKifungu
Salaam. Nimesoma yote, naongeza upande wa sheria kwa sababu masupavaiza wapya huingiza viwanda matatani bila kujua.

Mshonaji asiyefikia lengo hafukuzwi kwa hasira. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka mwajiri aonyeshe kwamba kiwango kilijulikana, kilikuwa cha haki, na mfanyakazi alielekezwa na kupewa muda wa kutosha kujirekebisha. Akiachishwa ana siku 30 kupeleka shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Pale usuluhishi unapokwama, swali huwa: maelekezo yako wapi? Supavaiza aliyekuwa akiandika "dk 12, sindano" ana kumbukumbu. Aliyekuwa akifoka hana.

#18 Kijana wa Stoo
Na likizo ni siku 21 kwa mwaka, supavaiza akikunyima unashtaki wapi?

#19 KifunguKwaKifungu
Tanzania bara ni siku 28 mfululizo, Kijana. Umechanganya na Kenya.

#20 Mkenya wa Athi
Naam, 21 ni zetu, Sheria ya Ajira ya 2007, ila ni siku za kazi, Jumapili hazihesabiwi. Zenu 28 zinahesabu na wikiendi. Ukizikalisha kwenye kalenda hazitofautiani sana. Na kwetu pia kifungu cha 41 kinataka mtu asikilizwe kabla ya kufukuzwa kwa utendaji mbovu, akiwa na mwenzake wa kazini au wa chama.

#21 Bi Hesabu
Likizo irudi kwenye mada. Anayepanga nani aende Desemba ni supavaiza. Na hapa ndipo naona hatari ya hoja ya Fundi. Supavaiza "aliye upande wako" kwa kawaida yuko upande wa baadhi. Anawapenda wachapakazi, wachapakazi wanampenda, na wengine wanatazama.

#22 Kitabu Wazi
Bi Hesabu hapo umefungua mlango mkubwa. George Graen na wenzake tangu miaka ya 1970 waliandika hili: kiongozi hana mtindo mmoja kwa wote, ana wa ndani na wa nje. Wa ndani wanapata habari mapema, kazi nzuri, na kuvumiliwa. Wa nje wanapata sheria. Na swali gumu lipo: je, msaada wa bosi ndio uliowapa wa ndani ari, au walikuwa na ari tangu mwanzo bosi akawavuta? Ukiwapa wafanyakazi dodoso siku moja, ukaona wenye bosi mzuri wana ari, huwezi kujua mshale unaelekea wapi.

#23 FundiWaLaini
Shukrani wote, nafuatilia kila bandiko. Hili la #21 na #22 limenigusa. Mtu atalionaje kwenye laini kabla halijaota mizizi?

#24 Bi Hesabu
Kwa madaftari. Chukua ovataimu ya miezi 3. Weka majina yote 30 na, kwa kila jina, saa alizopata. Pembeni weka ruhusa alizoomba, alizopewa, na mashine aliyokalia. Ukikuta majina 8 yana zaidi ya nusu ya saa zote, na ndio hao hao wana ruhusa zao zote, huna haja ya dodoso. Mwite supavaiza, mwonyeshe kimya kimya kama mkuu wa shule wa Mwl. Chaki. Mara nyingi mwenyewe hajui. Alikuwa anamwita aliye karibu na meza yake.

#25 Nesi wa Zamu
Niongeze jambo dogo linaloua watu siku hizi: kundi la WhatsApp la kazini. Inchaji anatuma saa 4 usiku picha ya kitanda kisichotandikwa, "nani huyu?" Watu 22 wanasoma. Aliyetoka zamu anaamka, moyo unadunda. Kundi libaki la ratiba, vikao na misiba. Kosa la mtu liende kwa mtu, na lisubiri afike kazini, isipokuwa mgonjwa yuko hatarini.

#26 Mwl. Chaki
Naunga mkono. Na sifa nazo zina kanuni zake, kwani sifa za jumla hazina kazi. "Hongereni timu" mara 5 kwa wiki inageuka kelele. Kluger na DeNisi mwaka 1996 walikusanya tafiti nyingi za mrejesho. Kwa wastani unasaidia, lakini zaidi ya theluthi moja ya matokeo yalionyesha kazi ikishuka. Unaharibu hasa unapomgeuza mtu ajitazame yeye badala ya kazi. "Wewe ni bora kuliko wote" ni mzigo, kesho ataogopa kujaribu kitu kigumu. "Pindo la leo lina mishono sawa mwanzo hadi mwisho, umekazaje uzi wa chini?" ni mrejesho, kwa sababu umemwonyesha kitu na kumpa nafasi ya kueleza ujuzi wake.

#27 Kijana wa Stoo
Mwalimu, kumbe hata kusifu kuna namna. Kwa hiyo supavaiza asiseme "hongera" kabisa?

#28 Mwl. Chaki
Aseme, ila ataje na kitu alichokiona.

#29 FundiWaLaini
Wakuu, nimejaribu kupanga. Naweka hapa mchomoe makosa.

Siku ya 1, madaftari na haki za mtu. Daftari la ovataimu linasainiwa kila siku kabla ya saa 11 jioni, siyo Ijumaa. Daftari la ruhusa lina safu ya saa iliyoombwa na saa iliyojibiwa. Namba za Bi Hesabu na siku 28 za Kifungu wazijue kwa kichwa. Mchana wanapewa karatasi 3 za malipo zenye makosa ya makusudi wayatafute.

Siku ya 2, kwenye laini. Sindano inavunjwa kwa makusudi, kila mmoja anasimamia utaratibu mzima wa #11 kuanzia sumaku hadi daftari, na kuandika dakika kwenye ubao. Halafu cherehani inakatishwa uzi, wanapima dakika toka taa nyekundu ya kuita fundi iwake hadi fundi mashine afike. Ikizidi 5, supavaiza anamfuata kwa miguu.

Siku ya 3, maneno. Wanaketi wawili wawili, mmoja ni mshonaji ambaye hakufikia lengo, mwingine supavaiza. Swali la kwanza liwe la kitu, siyo la mtu: mashine, bandali, mwanga, vipande vilivyofika vimechelewa. La afya na nyumbani linaulizwa pembeni, siyo kwenye laini. Mwisho mchoro wa Mwl. Chaki: nusu saa wanaweka alama kwenye mpangilio wa laini kila wanaposimama kwa mshonaji, waone ni nani hawajamfikia.

#30 Mkenya wa Athi
Nzuri sana. Siku ya 2 ongeza hesabu: nani ana mamlaka ya kuzitoa zile dakika 12? Ikiwa supavaiza anaandika kwenye ubao na ofisi ya uzalishaji haizitambui, umemfundisha kuahidi asichoweza kutoa. Maliza na meneja wa uzalishaji kwanza, kwa maandishi, kabla ya hizo siku 3.

#31 Kitabu Wazi
Hapo ndipo kuna maelezo ambayo hatujayagusa. Huenda ari ya mshonaji haitokani na supavaiza alivyo kwake, bali na uzito wa supavaiza huyo huko juu. Mpole asiyesikilizwa na meneja anaweza kukatisha tamaa kuliko mkali anayesikilizwa.

#32 Nesi wa Zamu
Siafiki moja kwa moja. Inchaji asiye na nguvu ya kuleta glovu, ila anasema ukweli kwamba ameomba mara mbili na jibu bado, watu wanabaki naye. Anayekatisha tamaa ni anayesema "zinakuja kesho" wiki ya tatu.

#33 Bi Hesabu
Wanabaki naye, sawa. Wanafanya kazi bila glovu kwa moyo? Hapo sijashawishika.

#34 FundiWaLaini
Mkenya, nimekuelewa. Kesho naanzia kwa meneja wa uzalishaji na ile karatasi ya dakika. Asipokubali kusaini, zoezi la sindano halitaingia siku ya 2, litasubiri. Nitaleta jibu hapa.